Malmö hadi Nordkapp na kurudi: mwongozo kamili wa barabara za E za Ulaya ya Kaskazini

Kibao cha kijani chenye herufi E na namba nyeupe, alama ya barabara kuu za kimataifa za Ulaya, kinakuonyesha barabara inaelekea wapi, lakini hakikuambii ni barabara ya namna gani. E6 ikitoka Malmö ina njia mbili kila upande na mwendo wa kilomita 110 kwa saa. E6 hiyohiyo, ukifika Nordland nchini Norwei, ni ukanda mwembamba wa lami kati ya mlima na maji, na likija lori mbele yako mguu unakwenda wenyewe kwenye breki. Anayepanga safari ya kaskazini kwa kugawa kilomita kwa 100 atafika hotelini saa saba usiku, mapokezi yamefungwa. Kwa hiyo hapa tunapanga kwa vipande na kwa saa, na kila kipande tunaonyesha mahali watu wanapopotea au kuharibikiwa.

Mduara mzima, kutoka Malmö kusini mwa Uswidi hadi Nordkapp, jabali la kaskazini kabisa mwa Norwei, na kurudi, ni kama kilomita 5,200: kupanda karibu 2,500 kwa E4 na E75 kupitia Uswidi na Ufini, kushuka karibu 2,700 kwa E6 kupitia Norwei. Panda kwa upande wa mashariki. E4 na E75 ni nyepesi kuendesha, unamaliza kilomita nyingi ukiwa bado na nguvu, kisha siku zinazobaki unazitumia Norwei, ambako haraka haifai na haiwezekani. Siku 14 zinatosha kwa kubanabana. Siku 17 au 18 ndizo tunazopendekeza, na madereva wawili.

Kusoma namba

Mfumo wa sasa unatokana na mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 1975 chini ya Umoja wa Mataifa. Namba witiri huenda kaskazini–kusini, namba shufwa huenda magharibi–mashariki. Halafu zipo E4 na E6, namba shufwa zinazokwenda kaskazini–kusini: kwa mpangilio zingeitwa E55 na E47, ila zikaachiwa namba zao za zamani kwa sababu kubadilisha vibao vyote kungegharimu mno. Usizitumie hizo mbili kukisia mwelekeo.

Angalia pia fremu ya namba. Ikiwa mstari unaoizunguka ni mzima, uko juu ya barabara hiyo. Ikiwa mstari ni wa vipande-vipande, barabara uliyopo inakupeleka kwenye namba hiyo, bado hujafika. Kwenye makutano ya Stockholm au Oslo, kujua tofauti hii kunakuokoa na kutoka mapema.

Ufini ina desturi yake. Huko namba ya E ni ya pili. Watu na vibao hutumia namba ya taifa. E75 ndiyo barabara kuu namba 4, kwenye kibao chekundu. Ukiuliza njia, uliza "nne".

Karatasi, gari na upande wa kulia

Denmark, Uswidi, Norwei na Ufini zote ziko ndani ya Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha. Hata hivyo pasipoti au kibali cha ukaazi kikae karibu na mkono, maana ukaguzi hutokea, hasa kati ya Denmark na Uswidi. Leseni ya Kenya au Tanzania imeandikwa Kiingereza, ya Burundi au Kongo Kifaransa, na hilo linasaidia. Bado beba leseni ya kimataifa, kwani kampuni nyingi za kukodisha huidai. Aliyehamia asichanganye mambo: leseni ya nje ya Ulaya ina ukomo wa muda baada ya kuanza ukaazi, Norwei miezi 3 na Uswidi mwaka 1 tangu kuandikishwa.

Ukikodi gari, uliza mambo manne na upate majibu kwa maandishi: linaruhusiwa kuingia nchi zote nne? Lina kifaa cha kulipia ushuru wa barabara wa Norwei? Lina tairi gani? Bima inagusa mgongano na mnyama, au unajilipia wewe?

Dereva aliyezoea Nairobi au Dar es Salaam hakosei upande wa barabara katikati ya foleni, kwa sababu magari mengine yanamwongoza. Hukosea anapotoka kituo cha mafuta kwenye barabara tupu, au asubuhi dakika ya kwanza baada ya kuamka. Abiria wa mbele apewe kazi moja: kusema "kulia" kwa sauti kila mnapotoka mahali. Kwenye kipilefti unazunguka kinyume cha saa na kuwapisha wanaotoka kushoto kwako. Waswidi nao waliendesha kushoto hadi tarehe 3 Septemba 1967, siku nchi nzima ilipohama upande.

Taa za chini huwashwa mchana na usiku katika nchi zote nne. Pombe: Norwei na Uswidi kikomo ndani ya damu ni 0.2 kwa elfu, Denmark na Ufini 0.5. Hiyo 0.2 haiachi nafasi hata ya bia moja, na ya jana usiku inaweza kukukamatisha asubuhi.

Sheria inayowanasa wageni Norwei ni ya kulia: kwenye makutano yasiyo na alama, anayetoka kulia kwako ana haki ya kupita hata kama anatoka kichochoroni. Unapoona kibao cha almasi ya njano, uko kwenye barabara yenye kipaumbele na wanakungoja wewe.

Malmö hadi Stockholm, kilomita 625, saa 7

Kutoka Malmö unapanda E6 kilomita 65 hadi Helsingborg, hapo unashika E4. Anayeanzia Copenhagen anavuka kwanza kiungo cha Øresund, kilichofunguliwa Julai 2000, chenye tuneli, kisiwa cha kutengenezwa na daraja, vyote pamoja karibu kilomita 16, kwa malipo. E4 inapita Jönköping ukingoni mwa ziwa Vättern, kisha Linköping, Norrköping na Södertälje. Barabara ni pana, mwendo ni 110 hadi 120, na hakuna la kueleza zaidi.

Stockholm ndiyo yenye neno. E4 inakatiza jiji kwa barabara ya Essingeleden, na huko kuna kodi ya foleni inayotozwa kwa kamera siku za kazi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12:29 jioni (vibao husema 06:00–18:29). Magari yenye namba za kigeni nayo hutozwa. Panga kupita baada ya saa 12:30 jioni au wikendi: utaokoa pesa kidogo na muda mwingi.

Stockholm hadi Haparanda, kilomita 1,020, siku 2

Lala Umeå, kilomita 640 kutoka Stockholm, kama saa 8 pamoja na mapumziko. Ukichoka, Sundsvall iko njiani kwenye kilomita 375.

Kaskazini ya Gävle utazoea barabara ambayo Waswidi waliianzisha hapohapo mwaka 1998: njia tatu zenye uzio wa nyaya katikati. Upande wako unakuwa na njia mbili kwa kilomita moja au mbili, kisha moja, kisha mbili tena, kwa zamu na upande wa pili. Ukinaswa nyuma ya lori, tulia, zamu yako inakuja baada ya dakika moja au mbili. Ajali hutokea mwishoni mwa zamu, dereva anapojaribu kuovateki lori la mwisho huku njia inabanwa. Njia zikianza kuungana na hujafika usawa wa kichwa cha lori, rudi nyuma yake. Gari likianza kusumbua kwenye sehemu ya njia moja, jikokote hadi kwenye upana au mchepuko. Ukisimama pale huna mahali pa kukaa na wanaokuja nyuma hawana pa kupitia.

Baada ya Härnösand kuna daraja la Höga Kusten, lililofunguliwa mwaka 1997, lenye urefu wa mita 1,867. Upepo wa pembeni juu yake una nguvu. Mwenye karavani au boksi la mizigo juu ya paa apunguze mwendo kabla ya kuingia.

Kuanzia hapa msitu haukuachi, na ndani yake yumo elki, kulungu mkubwa kuliko wote, dume lake hufika kilo 500. Hatari yake inatokana na umbo. Miguu ni mirefu, kwa hiyo bampa hukata miguu na kiwiliwili chote huja kwenye kioo cha mbele na paa. Hutembea zaidi alfajiri na magharibi. Kando ya E4 kuna uzio, lakini uzio una mianya kwenye kila makutano, na hapo ndipo anapopenya. Taa za chini humulika kama mita 60 tu. Kwenye mwendo wa 110 gari lina nguvu ya kugonga karibu mara mbili na nusu ya ile ya 70, kwa hiyo jua likiwa chini, shuka hadi 80 hata kama kibao kinaruhusu zaidi. Akiwa tayari yuko mbele, kanyaga breki kwa nguvu zote na elekeza gari nyuma yake, kule anakotoka.

Ukigonga mnyama mkubwa, sheria inakutaka utoe taarifa hata kama amekimbia. Uswidi na Ufini piga 112, Norwei piga polisi 02800. Funga mfuko wa plastiki au kitambaa kwenye mti mahali pa ajali, ili wawindaji wanaotumwa kumfuatilia aliyejeruhiwa wajue pa kuanzia.

Haparanda hadi Karasjok: mahali pa kupotea

Haparanda na Tornio ni kama mji mmoja uliokatwa na mpaka, ila saa hubadilika: Ufini iko saa moja mbele. Utaipoteza saa hiyo hapa na kuirudishiwa Karasjok. Ihesabu unapopanga muda wa kufika hotelini.

Kutoka Tornio ni kilomita 25 hadi Kemi kwa E8, kisha 115 hadi Rovaniemi kwa E75. Kutoka Rovaniemi unapita Sodankylä na Ivalo hadi Inari, kama kilomita 330. Lami ni nzuri, kona ni chache, na usingizi ndio adui. Badilishaneni usukani kila baada ya saa moja na nusu.

Kosa kubwa la safari nzima hutokea Kaamanen, chini kidogo ya kilomita 30 baada ya Inari. E75 inaendelea kaskazini kwenda Utsjoki na hatimaye Vardø, mashariki kabisa ya Norwei. Dereva aliyeambiwa "fuata E75" hunyooka nayo, na akija kushtuka ameshakwenda mbali. Wa Nordkapp anapinda kushoto kushika barabara namba 92, isiyo na herufi E, hadi Karigasniemi mpakani na kisha Karasjok. Jaza tangi Ivalo au Inari kabla ya kipande hiki. Mwenye gari la umeme achaji Inari hadi lijae.

Huku elki anapungua na rendia wanazidi, kulungu wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini hii, na kuachwa wajitembelee. Rendia mmoja akivuka, subiri, kwa maana nyuma yake wapo wengine. Hukimbia mbele ya gari barabarani badala ya kutoka pembeni. Ukiwafuata kwa karibu wanaendelea kukimbia. Simama kabisa, watatoka wenyewe.

Karasjok hadi Nordkapp, kilomita 265

Karasjok unaingia E6, na hapa tena kuna mtego, kwa kuwa E6 inazunguka: upande mmoja inakwenda Kirkenes, mwingine Lakselv na Alta. Fuata Lakselv, kilomita 74. Kutoka hapo ni kama 60 hadi Olderfjord, ambako E69 inaanza: kilomita 129 kando ya fjordi (mkono mrefu wa bahari ulioingia nchi kavu) ya Porsanger.

Tuneli ya Nordkapp, iliyofunguliwa mwaka 1999, ina urefu wa karibu kilomita 7 na inashuka hadi mita 212 chini ya bahari. Mteremko wake hufika asilimia 9. Kabla ya kuingia tia gia ya chini. Ya tatu inatosha magari mengi madogo. Anayeshuka kwa breki peke yake, hasa akivuta karavani, atasikia harufu ya pedi zinazoungua kabla hajafika chini, na bado ana mlima wa kupanda upande wa pili. Kiangazi rendia hujificha kwenye midomo ya tuneli kukwepa joto na wadudu: ukitoka kwenye jua kali macho hayawaoni, kwa hiyo vua miwani ya jua na punguza mwendo kabla ya kivuli.

Lala Honningsvåg, kilomita 34 kabla ya mwisho. Jabali la Nordkapp lina urefu wa mita 307 na liko nyuzi 71 kaskazini. Jua halizami kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia huko adhuhuri. Usiku kuna nafasi na mwanga uleule.

Kushuka kwa E6

Hapa wastani unashuka hadi kilomita 60 au 65 kwa saa pamoja na vituo, na huwezi kuupandisha bila hatari. Alta hadi Narvik ni kama kilomita 500, barabara ikizunguka fjordi moja baada ya nyingine. Ng'ambo unayoiona kwa macho inaweza kuwa nusu saa ya kuendesha. Igawe siku 2.

Mstari wa katikati wa njano hutenganisha pande mbili za magari; mweupe hutenganisha njia za upande mmoja. Ukienda barabara za pembeni utakuta kibao cha bluu chenye herufi M: ni mahali pa kupishana, ni marufuku kuegesha pale hata kwa picha moja. Na usikokote foleni ya magari nyuma yako. Ukiona matatu yamekusanyika, ingia pembeni yapite. Wenyeji wanakwenda kazini.

Kusini ya Narvik, E6 inakatika baharini. Unavuka kwa pantoni kutoka Skarberget hadi Bognes, kama dakika 25, huhitaji kununua tiketi mapema. Anayekuja kutoka kusini awe macho: Bognes kuna pantoni mbili, ya Skarberget na ya Lødingen kuelekea Lofoten. Ukipanga kwenye mstari usio wako utapoteza zamu.

Kati ya Fauske na Mo i Rana barabara inapanda Saltfjellet na kukatiza Mzingo wa Aktiki. Mo i Rana hadi Trondheim ni kama kilomita 475. Usiifanye siku moja ukiwa peke yako. Kisha Trondheim hadi Oslo, karibu 495, inapita Dovrefjell kwenye kimo cha mita 1,026 kabla ya kushuka bonde la Lillehammer. Kutoka Oslo hadi Malmö kupitia Göteborg ni 570, na unarudi kwenye barabara pana. Göteborg nayo ina kodi ya foleni siku za kazi, isipokuwa Julai.

Ukisafiri majira ya baridi

Tairi za baridi ni lazima Uswidi kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi hali ikiwa ya baridi, na Ufini kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi kwa masharti hayohayo. Norwei inadai mshiko wa kutosha na kina cha milimita 3. Za misumari huruhusiwa kaskazini mwa Norwei kuanzia 16 Oktoba hadi 30 Aprili, na sisi tungechagua hizo kwa E69 bila kusita. Ukiwa kwenye 90 unasafiri mita 25 kila sekunde. Baada ya mguu kukanyaga breki, lami kavu inahitaji kama mita 45, theluji iliyoshindiliwa kama 125, na barafu tupu hupita 300.

Dizeli iliyojazwa kusini inaweza kuganda nta kwenye baridi kali na kuziba chujio. Gari linawaka asubuhi, linakwenda dakika chache, linazima. Jaza dizeli ya kaskazini kabla ya usiku wa kwanza wa baridi kali, uendeshe kidogo ili ifike kwenye mabomba. Upepo wa tairi hupungua karibu bar 0.1 kwa kila nyuzi 10 za baridi, basi pima asubuhi. Beba maji ya kioo yanayostahimili nyuzi 25 chini ya sifuri, koleo, kamba ya kuvutia, kikwaruzo cha barafu, blanketi, vizibao vya kung'aa na pembetatu ya tahadhari. Gari la umeme hupoteza robo hadi theluthi ya masafa yake, pengine zaidi.

Saltfjellet, Sennalandet kati ya Olderfjord na Alta, na kilomita 13 za mwisho za E69 kutoka Skarsvåg huweza kufungwa au kupitishwa kwa msafara nyuma ya gari la kukwangua theluji, kwa saa maalumu. Fika kabla ya muda, tangi likiwa zaidi ya nusu, washa taa za nyuma za ukungu. Ndani ya msafara hugeuzi, hupiti mtu, na ukikwama hutoki nje ya gari. Piga 175 kwa taarifa za barabara za Norwei kabla ya kuondoka, kila asubuhi.

Ushuru

Ufini hailipishi barabara. Norwei hupiga picha ya namba yako, na hakuna kibanda cha kusimama. Mwenye gari lake na mkataba wa AutoPASS, mfumo wa kulipia ushuru wa Norwei, hupunguziwa asilimia 20. Asiye na mkataba hutumiwa ankara nyumbani. Kwa gari la kukodi, ankara huja kwenye kadi yako wiki kadhaa baadaye, mara nyingi na ada ya kampuni juu yake. Piga picha ya kila kibao cha ushuru pamoja na tarehe, na usifunge kadi hiyo hadi miezi 2 ipite.